Picha ya Ukutani na Picha ya Kupotelea

Watoto wa mtaa ule walikuwa na tabasamu moja. Sisemi walitabasamu kwa kufanana, kama ndugu wa tumbo moja. Nasema tabasamu lilikuwa lile lile. Ungeingia sebuleni kwa muuza nyama ungelikuta ukutani, juu ya redio. Ungevuka barabara kwenda kwa mshona viatu ungelikuta tena, juu ya kabati la vyombo, safari hii kwenye uso mwembamba zaidi. Meno manne ya juu, kishimo kidogo kwenye shavu la kushoto, na pembe ya mdomo iliyoinuka, kama ya mtoto aliyeambiwa siri na tayari anajuta kuahidi kuitunza. Hakuna aliyegundua. Mzazi humtazama mtoto wake. Wa jirani humsifia tu.

Mwenye kazi hiyo aliitwa Mama Ndege. Studio yake ilikuwa chumba kimoja na nusu, kati ya duka la rangi na saluni ya kusuka. Kwenye chumba kulikuwa na pazia la bluu lililochorwa mawingu, stuli ndefu, na taa mbili zenye miavuli myeupe. Kwenye ile nusu, nyuma ya pazia jingine, kompyuta ilikoroma kama mzee mwenye mafua. Studio ilianzishwa na marehemu mumewe enzi za filamu, naye akarithi vyote: stuli, mawingu, na wifi.

Wifi huyo hakuajiriwa wala hakualikwa. Alikuja kwenye msiba wa kaka yake, akakaa kwenye benchi la wateja, na hakuinuka tena. Kwa kuwa alikuwa pale, akapewa ndege. Ndege mwenyewe alikuwa wa mpira, wa manjano, amepoteza jicho moja, na ukimminya tumbo alitoa mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta. Kazi ya wifi ilikuwa kusimama nyuma ya kamera na kumminya ndege. Kazi ya Mama Ndege ilikuwa kusema, "Tazama ndege! Ndege huyooo!" na kupiga picha kabla mtoto hajapata nafasi ya kulitafakari jambo hilo.

Watoto wengi walilia, na walikuwa na haki. Mtoto anayeletwa kupigwa picha ameamshwa mapema, amesuguliwa masikio, amepakwa mafuta mpaka anateleza, amevishwa viatu vilivyomtosha mwaka jana, na ameonywa asiguse kitu. Kisha anaketishwa juu ya stuli mbele ya mawingu, anamulikwa, na mwanamke mmoja anapiga kelele huku mwenzake akimkaba ndege chongo. Mtoto mwenye akili timamu hulia.

Hilo halikuwasumbua wazazi. Wao walikuja na picha tayari vichwani mwao, na mtoto walimleta kama unga unavyopelekwa kwa mwoka mikate. Enzi za mumewe, kusafisha picha kulikuwa kuitumbukiza kwenye dawa gizani na kungoja. Siku hizi kulikuwa kumpangusa mtoto makamasi kwa kipanya. Mama Ndege aliondoa upele, mikwaruzo, utando wa uji kwenye kidevu. Alirudisha masikio nyuma kama anayerudisha milango. Na wale wadogo, wasioweza kukaa wenyewe, aliwaketisha mapajani mwa mama zao, na mama akafunikwa gubigubi kwa shuka la bluu, awe kiti. Baadaye, kwenye kompyuta, aliifuta mikono. Mikono mingi aliifuta: yenye pete, yenye makovu ya mafuta ya moto, mikono iliyoshika kiuno cha mtoto kwa nguvu zote. Kuta za mtaa zikajaa watoto walioketi wima juu ya mawingu, hawakushikwa na mtu.

Tabasamu lilianza kwa kuazima. Mtoto wa mwoka mikate aligoma kabisa kutabasamu, mama yake akataka kulia, na Mama Ndege akakumbuka kwamba ndani ya kompyuta kulikuwa na picha ya mwanawe mwenyewe, alipokuwa wa miaka mitatu, iliyopigwa kwa filamu na marehemu baba yake na baadaye ikanakiliwa humo. Akachukua mdomo wa mwanawe, akaupunguza, akaufanya uendane na ngozi ya mwenzake, akaubandika. Mama wa mtoto aliitazama picha akasema, "Sasa huyu ndiye!" Baada ya hapo kurudi nyuma kulikuwa kugumu. Tabasamu lilikwenda kwa kila uso kama gauni la kuazima linalomtosha kila bibi harusi.

Mwenye tabasamu lenyewe sasa alikuwa mwanamume mzima. Aliishi mji mwingine, alikuwa na kitambi na cheo, na kila akipiga simu alianza na, "Mama, nina haraka." Kwa hiyo kazi ile ilikuwa na faida ambayo Mama Ndege hakumwambia mtu. Jioni, wateja wakishaondoka, alikaa na mdomo wa mwanawe mbele ya macho, mkubwa kama sahani, na mdomo huo haukuwa na haraka.

Aliyejua siri ya tabasamu alikuwa wifi peke yake, na yeye alikuwa na ugonjwa wake mwingine: alipenda kucheka. Kabla picha mbovu hazijafutwa, aliingia nyuma ya pazia na simu yake, akazipiga picha kwenye kioo cha kompyuta. Mchana kukiwa hakuna mteja, alikaa kwenye benchi akizipitia, mabega yakimtikisika.

"Wifi, futa hayo mavituko," Mama Ndege alimwambia. "Siku moja utanifungia biashara."

"Nifute nini, wifi yangu? Hawa ndio watoto. Hao wako ni matangazo ya sabuni."

"Wenyewe wanawapenda."

"Sabuni nani haipendi?"

Siku alipoletwa mtoto wa mwashi, wifi alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Mtoto huyo alikuwa wa kike, wa miaka minne, na mtaani walimwita Kinanda kwa sababu ya kilio chake. Kilianzia chini kabisa, kwenye sauti za wanaume, kikapanda ngazi kwa ngazi bila kuruka hata moja, kikafika juu na kusimama pale, mdomo wazi, bila pumzi, mpaka mtu akajiuliza kama mtoto atarudi. Alikuwa na pengo la mbele, kumbukumbu ya kuruka kutoka kwenye rundo la matofali ya baba yake. Alikuwa na kovu lililokata nyusi ya kulia, la kuruka mara ya pili kuhakikisha. Na sikio lake la kushoto lilisimama kama mpini wa kikombe.

Mama yake alisimama nyuma ya kiti cha kompyuta, akaagiza kama anayeagiza kitambaa dukani. "Hilo pengo lizibe. Kovu litoe. Sikio hilo, mama yangu, lilaze. Na hapa kwenye paji la uso, kama unaweza kumpunguza ukaidi."

Mwashi, aliyekuja na saruji imekauka kwenye vidole vya miguu, aliuliza kutoka mlangoni, "Mnaacha nini sasa?"

"Tunaacha mtoto," mkewe akamjibu.

"Kwa kweli," wifi akasema, akameza kicheko, na ndege akapiga mlio mkononi mwake bila kuminywa makusudi.

Picha ilipokuwa tayari, ilitiwa fremu ya dhahabu na kutundikwa sebuleni. Mwashi aliitazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, kama anayepima ukuta kama umesimama sawa.

"Ni yeye?"

"Unamwonaje?"

"Mzuri."

"Amekufuata wewe," mkewe akasema, na nyumba ikalala kwa amani.

Tangu siku hiyo wageni wakija walioneshwa picha, na Kinanda, aliyekuwa na udongo mpaka kwenye kope, aliambiwa akacheze nje asije akaigusa.

Akapotea siku ya soko. Mama yake alimwachia mkono ili anyooshe kanga mbili juani na kulinganisha rangi. Alipoushusha tena mkono wake, ukashika hewa. Akaita. Sokoni siku hiyo kila mwanamke alikuwa akimwita mtu. Akakimbilia ofisi ya soko, akaambiwa akae pale pale kwenye ngazi, maana mtoto akiokotwa ndipo atakapoletwa. Akampigia mumewe simu. Mwashi alishuka kwenye jukwaa la ujenzi bila kunawa, akapita nyumbani, akaing'oa picha ukutani, akaingia nayo sokoni ameibeba kifuani.

Hakuna mtu aliyewahi kusaidiwa na soko zima kama alivyosaidiwa yeye.

"Huyu namjua!" alisema muuza vitunguu. "Kapita hapa sasa hivi. Twende."

Wakaenda, wakamkuta mtoto wa muuza nyama amekaa juu ya mkokoteni, anakula muwa.

"Siye," mwashi akasema.

"Siye? Hebu tazama vizuri, baba."

"Namjua mwanangu!"

"Huyu nimemwona kwenye viatu," akadakia mwingine, mbeba mizigo. "Walahi nimemwona. Sura hiyo siwezi kuisahau." Wakamfuata mbio, wakamkuta mjukuu wa mshona viatu. Mwanamke wa tatu alimshika mwashi mkono kwa huruma, akampeleka hadi kwa mtoto wa mwoka mikate, aliyekuwa mvulana. Kila mtu alikuwa na hakika. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana, na balaa lilikuwa hapo, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kushuka, sasa ya kweli, na wauzaji walishaanza kufunika bidhaa zao. Mvua ikinyesha soko lingetawanyika, na mtoto wa miaka minne angebaki na nani?

Aliyesema hapana alikuwa mama mmoja muuza ndoo. Aliichukua fremu kwa mikono miwili, akaifuta kioo kwa upindo wa kanga, akaitazama kwa makini kuliko wote.

"Hapana, kaka yangu. Huyu sijamwona. Mungu akufanyie wepesi."

Alisema kweli kama alivyoijua. Nyuma yake, ndani ya beseni kubwa kuliko yote, chini ya gunia, alilala Kinanda. Alikuwa amemwokota kabla ya adhuhuri akizunguka na kiatu kimoja, akamhoji. Baba yako nani? Baba. Mnakaa wapi? Nyumbani. Akampa maji na andazi, akamlaza, akaapa kutomtaja kwa mtu mpaka aje mwenye mtoto wake anayemjua kovu na pengo, maana dunia imeharibika, na kuna watu wanaweza kuchukua mtoto kama wanavyochukua ndoo. Soko likifungwa angempeleka mwenyewe ofisini. Alimtazama mwashi akienda zake na ile sura ya kimalaika kwenye dhahabu, akasikitika. Siku gani hii, watoto wawili kupotea!

Mwashi alisimama katikati ya njia. Akaitazama picha. Akakumbuka mtoto kwenye mkokoteni, na yule wa kwenye viatu, na mvulana wa mwoka mikate. Yeye alikuwa mtu wa matofali; alijua vitu vinavyotoka kwenye kalibu moja.

Alipoingia studio hakubisha hodi. Aliweka fremu juu ya stuli ndefu, ikakaa pale mbele ya mawingu kama mteja.

"Nipe mtoto wangu," akasema.

Mama Ndege akainuka. "Kuna nini, baba?"

"Kinanda kapotea. Nimeizungusha hii soko zima, kila mtu ananionyesha mtoto wa mwenzangu. Umeweka nini humu? Nataka ile nyingine. Ile aliyopigwa kabla hujamgusa. Mvua inakuja, mama."

Mama Ndege alikuwa tayari nyuma ya pazia. Akafungua, akafunga, akafungua tena. Kompyuta ilikoroma. Lakini kila Jumamosi alizifuta picha mbovu ili mashine ipate kupumua, na zaidi ya Jumamosi moja zilikuwa zimepita. Ndani mlikuwa na Kinanda mmoja tu: yule yule wa stuli.

"Sina," akasema. Akalirudia kwa sauti ndogo, kama mtu anayelionja neno. "Sina."

Wifi, ambaye tangu msiba wa kaka yake hakuwahi kukaa kimya kwa muda wa kuchemsha chai, alikuwa kimya. Simu ilikuwa mapajani mwake. Kumsaidia mwashi kulikuwa rahisi: ni kumwambia usoni, mtu na machozi yake, kwamba yeye humcheka mwanawe kila siku baada ya chakula cha mchana.

"Kaka," akasema, "usinipige."

Akampa simu.

Kinanda alikuwapo mzima. Mdomo wazi mpaka koromeo likaonekana, pengo limeachama, kovu limepinda na nyusi, sikio liko imara, makamasi yamefika kidevuni na yana mpango wa kuendelea. Kiatu kimoja kilikuwa angani.

"Nisamehe, kaka, nilikuwa na..."

"Nyamaza, dada." Mwashi alikaa chini, sakafuni, simu mikononi. Akacheka, na kicheko kikamtoka vibaya. "Huyu hapa. Huyu hapa mwanangu."

Mama Ndege aliihamisha picha kwenye kompyuta ili aichape. Ilipotokea kwenye kioo, mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa na maisha yake wenyewe kwa miaka yote hiyo, ulishika kipanya, ukakikuza kidevu, ukaanza kufuta.

"Wifi!" Wifi alimpiga kofi la mkono. "Acha makamasi ya watu!"

Ikachapwa ilivyo. Wakatoka watatu bila kufunga mlango, karatasi bado ina joto, matone ya kwanza yakipiga vumbi. Walipofika kwa muuza ndoo, alikuwa akizipachika ndoo moja ndani ya nyingine. Aliitupia picha jicho moja tu.

"Ee! Sasa si ungesema? Huyu ninaye!"

Akafunua gunia. Kinanda akaamka, akaona nyuso nyingi zimemwinamia, akaona kwamba Mama Ndege, kwa haraka ya kutoka, alikuwa amekuja na ndege mkononi. Akaanzia chini kabisa. Akapanda ngazi moja moja. Muuza ndoo akaiweka picha kando ya uso wake, akalinganisha kovu na kovu, pengo na pengo.

"Mchukue, baba," akasema. "Mpaka koromeo ni lake."

Mama mtu alifika kutoka ofisini akikimbia, kanga begani, akamshika mwanawe kwa mikono yote miwili. Alimshika hivyo njia nzima mpaka nyumbani, na mvua ikawalowanisha wote.

Mtu angedhani mtaa ungeichukia studio baada ya hapo. Kumbe kesho yake asubuhi benchi lilijaa. Mama wa mtoto wa mwoka mikate ndiye aliyelitamka jambo: alitaka picha mbili. Moja ya ukutani, kama kawaida, yenye tabasamu. Na nyingine ya kupotelea.

Neno likashika. "Umempiga ya kupotelea?" wakaulizana kisimani na saluni. Mama Ndege akaziuza mbili kwa pamoja. Ya kupotelea ilipigwa kwanza, ndege akiwa kazini, mtoto akilia kwa roho yake yote, na hakuruhusiwa kuguswa hata unywele. Hilo lilidumu mpaka mama mmoja alipoitazama ya mwanawe, akainama sikioni mwa Mama Ndege.

"Hii ya kupotelea, mama, kovu liache, lisitolewe. Lakini macho yang'arishe kidogo. Atakayemwokota atanionaje mimi?"

Wifi alitoka nje kushika ukuta.

Kwa mwashi, picha ya dhahabu ilirudi kwenye msumari wake, maana msumari ulishakuwapo na mkewe alishazoea. Ile nyingine aliikunja akaitia mfuko wa shati. Wenzake kazini walisema huitoa wakati wa chai, akaifungua juu ya goti, na kwamba saruji ilikuwa imeshaanza kumla mtoto sikio.

Na Mama Ndege? Jioni moja, kompyuta ikikoroma, alikaa mbele ya mdomo mkubwa kama sahani, asiubandike popote. Wazo lilikuwa limemwingia tangu siku ya soko na halikutoka. Mwanawe akipotea leo, yeye atazunguka na nini? Na mtoto wa miaka mitatu, mwenye meno manne na siri. Watu watamwambia: huyu tunamjua, yuko kwa muuza nyama.

Akapiga simu.

"Mama, nina haraka."

"Nitumie picha yako, mwanangu."

Ikaja mara moja, kwa sababu ilikuwa tayari: suti, tai, ukuta wa kijivu, ngozi laini kama yai. Mpiga picha wa ofisi alikuwa fundi. Mama Ndege aliona mahali pote alipopita na kipanya.

Akapiga tena. "Siyo hiyo. Nitumie ukiwa umechoka."

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Jipige sasa hivi. Usijifute uso."

Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi haraka haikutajwa. Kisha ikaja. Mwanamume mnene kwenye kiti cha gari, taa ya ndani imemwangukia vibaya, macho mekundu, mifuko chini ya macho, mvi mbili tatu ndevuni, na mdomo umeshuka pembe zote mbili. Hakuwa na kishimo. Alifanana na baba yake siku za mwisho.

Aliikuza mpaka ikajaa kioo. Wifi alikuwa amekuja kusimama nyuma yake, hakucheka, na wote wawili waliuona mkono wa kulia ukianza kusogea kuelekea kwenye kipanya, taratibu, kuelekea kwenye ile mifuko ya macho.

"Wifi," wifi akasema.

"Namwona tu," Mama Ndege akasema. "Simgusi."

Akauchukua mkono wake, akaukalia.